Nyangumi wa Ngara

Ukitaka kumchokoza Ildefonsa Ndikuriyo, mwulize nyangumi na Ngara wapi na wapi. Aliulizwa hivyo chuo kikuu, siku aliyosema anataka kusomea visukuku vya nyangumi. Akaulizwa na maprofesa, akaulizwa na wafadhili, akaja kuulizwa hata na utingo wa basi aliyemsaidia kupandisha makasha yake. Mwanzoni alikuwa anacheka. Baadaye akawa anatoa maelezo. Mwishowe akawa anakaa kimya, na ukimya huo watu wakauita maringo.

Maelezo yenyewe wala si magumu. Mtaalamu wa visukuku anachimba mifupa iliyogeuka jiwe, ajue zamani za kale kuliishi nini. Wengi hupenda mifupa ya binadamu wa kale, au ya mijusi mikubwa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoleta watalii na wageni wa heshima na magari mapya ya ofisi. Nyangumi hajawahi kumletea mtu gari. Lakini Ildefonsa, akiwa mwanafunzi, alisoma kwamba nyangumi wa kwanza walikuwa na miguu. Walikuwa wanyama wa nchi kavu walioingia majini kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka miguu ikaisha. Yeye alizaliwa Ngara, bara kabisa, kwenye migomba, bahari ameiona akiwa mtu mzima, na habari ile ilimkaa moyoni. Mnyama aliyeondoka kwao akaenda mahali pasipomfaa, na pakaja kumfaa. Ndivyo alivyoielewa, ila hakumwambia mtu, maana wangemcheka.

Basi akawa anakwenda Lindi kila kiangazi, kwenye makorongo ya udongo wa kijivu, na nyundo yake na burashi zake na kofia iliyomfanya aonekane kichekesho. Misimu mingi alirudi na meno ya papa na malaria. Nywele zilikwisha kuanza mvi alipompata mnyama wake. Hakuwa mzima, jamani, nani anapata mnyama mzima? Kipande cha taya, mbavu kadhaa, mfupa wa sikio wenye ukubwa wa ngumi uliojikunja kama kauri, na paja moja dogo lisilozidi kiganja. Hilo paja ndilo lililomliza pale pale korongoni. Mguu wa nyangumi, mguu uliokuwa unaelekea kwisha.

Akaandika, wakubwa wa fani wakasoma, na baada ya kubishana wakakubali kwamba mnyama yule hajawahi kuonekana popote. Wanasayansi humpa kila mnyama majina mawili, na la pili aliyempata anaweza kulitoa kwa heshima ya mtu. Wengine huwapa wafadhili. Ildefonsa alimpa mama yake, Francisca, mkulima wa kahawa na maharage, mjane, asiyejua nyangumi ni nini. Wala hakumwambia. Alijisemea kwamba siku moja ataufunua ule mfupa mbele ya mama, amwonyeshe, kisha amwambie. Siku moja ina tabia ya kutofika.

Kuna jambo moja la kazi hiyo ambalo lazima lieleweke, maana ndilo lililomtia kitanzi. Jina la mnyama linasimama juu ya mfupa. Mfupa ule ule wa kwanza lazima uwepo mahali, ili yeyote mwenye shaka aje aushike na kuupima. Ukipotea na watu wakabisha, jina linabaki halina miguu, na mwisho linafutwa.

Sasa, pale alipokuwa anafanya kazi, sitapataja, alikuja mkubwa mpya aliyetaka ukumbi wa mikutano. Ghala la mifupa likawa ukumbi. Makasha ya nyangumi yakatolewa kwenye veranda, yakanyeshewa, na nakala ya plasta ya lile sikio ikatupwa pamoja na viti vibovu. Ildefonsa alilalamika mpaka wakamchoka. Mkataba wake ulipokwisha haukuendelezwa. Akabeba makasha yake mwenyewe kwa basi, kutoka Dar es Salaam hadi kwao Ngara, akayaweka chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yake. Kwa muda tu, alisema. Akamwambia mama, "Usiyafungue, ni vitu vya kazi." Kisha akaenda kufundisha bailojia sekondari huko Kaniha, wilaya ya Biharamulo, ambako wanafunzi walimwita Mama Nyangumi, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini.

Alikaa huko akizeeka vibaya. Kila alipompigia mama simu alimalizia na swali moja. "Makasha yangu yako salama?"

"Wamepumzika, mwanangu," mama alijibu mara ya mwisho, na Ildefonsa akadhani ni lugha ya uzee.

Ndipo Khalidi akapiga. Khalidi alikuwa mwanafunzi wake zamani, kijana wa Biharamulo mjini, wa familia ya wafanyabiashara ambao babu yao alikuja na vitambaa kutoka pwani. Ildefonsa alizoea kumtania kwamba yeye ndiye mwenye damu ya pwani lakini bahari anafundishwa na Mhangaza wa Ngara. Sasa alikuwa daktari wa fani hiyo hiyo, ughaibuni, na hakuwahi kuacha kumwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Khalidi. Huko baridi haijakumaliza?"

"Bado kidogo. Mwalimu, nina habari isiyo nzuri sana." Akaeleza. Kuna watu wamepata mifupa mingi ya nyangumi wa miguu katika nchi nyingine, na wanasema mnyama wa Lindi ni yule yule wa kwao, na jina la kwao ndilo lililotangulia. Wakikubaliwa, la Ildefonsa linafutwa.

"Sikio la wa kwetu limejikunja kwa namna nyingine kabisa," Ildefonsa alisema. "Liko kwenye maandishi."

"Kwenye maandishi liko. Ila picha ina kivuli pale pale penye ubishi. Wanataka sikio lenyewe, lipigwe picha kwa mashine, lionekane mpaka ndani. Nimewaambia wasubiri. Nakuja likizo, mwalimu. Nitafika Ngara nilichukue kwa mikono yangu, na nitalirudisha kwa mikono yangu."

Ildefonsa alitoka nje ya nyumba ya walimu akasimama kwenye jua. Alifurahi. Niseme wazi, kwa sababu ndiyo furaha ya mwisho katika habari hii. Alifurahi kama msichana, kwamba sikio lile lipo, na litapingana na watu wazima kwa niaba yake, na jina la mama yake halitaguswa.

Jumamosi akaomba ruhusa akaondoka, afike kabla ya Khalidi, ayasafishe makasha na kuyaangalia. Alipita Lusahunga, akapita Nyakahura, akafika Benaco. Leo Benaco ni malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, ni chapati na chaji za simu. Lakini watu wa umri wake wakipita pale huangalia chini. Mwaka ule wa tisini na nne kambi ya wakimbizi wa Rwanda ilijaa mpaka vilima vikapoteza majani. Yeye hakuwepo. Alikuwa chuoni, akiandaa safari yake ya kwanza ya Lindi, na habari za kwao alizisikia redioni.

Mama yake alikuwepo. Kilima chao kinatazama mto Kagera, na mwaka ule mto ulileta watu. Sitasema zaidi ya hapo. Wanawake wa jumuiya ya parokia, Francisca mmoja wao, walishuka na vitenge vyao vya kwendea kanisani, wakawatoa waliofikika, wakawazika bondeni. Mahali pale hapakuitwa makaburi. Paliitwa Kwa Wageni, na ndivyo panavyoitwa mpaka sasa.

Na ukaanza utaratibu ambao hauko kwenye kitabu chochote cha dini. Jembe likiinua mfupa shambani, au mvua ikiufukua, haulali nje wala haulali ndani ya nyumba. Unaoshwa vizuri, unafungwa kwenye kitenge safi, unapelekwa Kwa Wageni, na katekista anasali. Ikitokea baadaye ndugu wakaja kutoka ng'ambo wakitafuta, na jina likajulikana, aliyemzika mtu huyo hushuka bondeni akalitaja kwa sauti, na waliopo huitikia, "Amejulikana." Imetokea mara chache. Wengi bado ni wageni.

Ildefonsa aliyajua haya yote kwa kusimuliwa. Hakuwahi kuyafikiria pamoja na makasha yake. Hata wewe usingeyafikiria.

Alimkuta mama amekaa mlangoni akimenya ndizi, kisu kikienda chenyewe, macho yakiwa mahali pengine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko Kaniha hawali?"

"Wanakula. Mimi ndiye nasahau."

Walizungumza Kihangaza, kama siku zote, na mimi nayatoa hapa kwa Kiswahili. Waliulizana habari za mgongo, za mvua, za kifo cha mzee Bizimana, katekista, aliyefariki wakati wa Pasaka. Ildefonsa alikuwa na haraka, na alijua mama anaiona haraka yake. Alipoweza kusimama bila kukosa adabu, alikwenda chumba cha nyuma.

Kulikuwa na majembe, gunia la maharage, na baiskeli ya Alfonce, mdogo wake, isiyo na tairi la mbele. Ukutani, pale makasha yalipokuwa yamepangwa, palikuwa na alama nyekundu za mchwa.

Alirudi mlangoni. "Mama, makasha yangu yako wapi?"

Kisu kiliendelea. "Mchwa waliyala. Mbao zote zilikuwa unga. Nikayafungua nisije nikapoteza vitu vyako."

"Na vitu viko wapi?"

"Havikuwa vitu," mama alisema. Akaweka kisu kwenye beseni. "Niliona aibu kukuuliza kwenye simu, ndiyo maana nikanyamaza. Nilikuta watu, Ildefonsa."

"Hawakuwa watu, mama."

"Mikono hii imeshika watu wangapi? Wewe ulikuwa Dar es Salaam. Mbavu nazijua. Na walikuwa wamefungwa piopi, kama waliotoka hospitali. Nikasema, maskini, walivunjika, wakafungwa, halafu wakafa hivyo hivyo."

Ildefonsa alifumba macho. Kila mchimbaji wa visukuku huufunga mfupa dhaifu kwa vitambaa vya gunia vilivyolowekwa kwenye plasta, ile ile wanayofungia mguu uliovunjika, ili usimeguke njiani. Alikuwa amezifunga yeye mwenyewe, mbavu zile, juani, akiziimbia.

"Sikudhani umewaua wewe," mama aliendelea, taratibu, kama anayemtetea mtu mbele ya baraza. "Nilisema labda serikali ilikupa uwatunze, ikakusahau nao. Watu wa shule mna mambo yenu. Lakini paja la mtoto? Paja la mtoto ndani ya kasha, na mimi nalala chumba cha pili?"

"Ni mnyama, mama."

"Mnyama gani?"

Hapo ndipo Kihangaza kilipomwishia. Akalitaja kwa Kiswahili, nyangumi, mama akasubiri maelezo. "Ni mkubwa. Anakaa baharini. Ananyonyesha watoto wake."

"Anakaa baharini," mama alisema, "ananyonyesha, na ana paja."

"Zamani walikuwa na mapaja."

Mama alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Ildefonsa kuliko ambavyo tusi lingemuuma. Miaka yote ya kusoma, na ukweli wake mwenyewe ulikuwa unasikika kama uongo wa mtoto aliyevunja mtungi.

"Mkawafanya nini?"

"Tulifanya kama tunavyofanya. Nilimwita Bizimana na Alfonce. Tukawafungua piopi, maana mtu hazikwi amefungwa. Tukawaosha."

"Mliwaosha."

"Kwa maji ya moto na sabuni, na burashi ile ya nguo. Walikuwa na udongo mwingi, sijui nani aliwaacha hivyo. Wengine walikuwa wamechoka sana, walimeguka. Kuna mfupa mmoja uliojikunja kama kauri, ulinigawanyikia mkononi, ndani ukawa uji. Nikamwomba radhi."

Udongo wa Lindi ukilowa huvimba, na gundi aliyoipaka kwenye nyufa tone kwa tone huyeyuka kwenye maji ya moto. Ildefonsa alikuwa amewafundisha wanafunzi hayo. Mfupa wa namna ile hautiwi maji, aliwaambia, hata ukiwa mchafu namna gani. Alikaa chini kwenye kizingiti, akahisi uchovu wote wa makorongo yale umemshukia mara moja. Alitaka kulia, ila machozi yalikuwa mbali. Alichokipata ni hasira, na hakuwa na mahali pa kuiweka, kwa sababu aliyekuwa mbele yake ni mama mwenye mikono ya utomvu wa ndizi, aliyeosha mifupa kwa heshima ambayo hakuna mkubwa wa ofisi yoyote aliyewahi kuionyesha.

Alfonce alirudi kutoka shambani akawakuta hivyo. Ni mwanamume mpole, mwenye watoto wengi, na alianza kuomba msamaha kabla ya kuweka jembe chini. "Tulikusitiri, dada. Ingetoka nje ya kilima kwamba binti wa mzee Ndikuriyo anafuga mifupa ya watu ndani, ungesemwaje? Bizimana aliapa hatasema, na kweli amekwenda nayo."

"Mngeniuliza, Alfonce."

"Mtu anaulizaje jambo kama hilo?"

Ildefonsa mwenyewe hakuwahi kusema ndani ya makasha mna nini, kwa sababu maelezo yangekuwa marefu.

Asubuhi aliamka na wazo. Sikio limekwenda, sawa. Lakini paja lilikuwa gumu, jiwe tupu, huenda limestahimili maji. Wale watu wanaolipinga jina walikuwa na miguu ya mnyama wao, Khalidi alisema. Paja lingeweza kupimwa nayo, nalo pia lilikuwa tofauti. Si ushahidi wa kushinda kesi, ila ungetosha kuiahirisha. Ndiyo hali aliyofikia, kutafuta kuahirisha.

Alfonce alikataa kushika jembe. Alisema ataongozana nao, lakini kuchimba pale, hapana. Mama alichukua fimbo yake akatangulia, na Ildefonsa akafuata na mwiko wa fundi mwashi uliokuwa dirishani. Njia ilishuka kati ya migomba, ikapita kwenye maharage yaliyolowa umande. Bondeni ukungu wa mto ulikuwa haujapanda. Kwa Wageni hapana misalaba, ni nyasi zilizofyekwa na ua wa minyaa.

Mama alizunguka kidogo, akapiga chini kwa fimbo. "Hapa. Pamoja na wale waliopatikana wakati wa kuchimba mtaro wa barabara. Bizimana alisema shimo moja linatosha, wote ni wageni."

Ildefonsa alipiga magoti. Hapo, kwa muda mfupi, alikuwa tena mtu wa kazi yake. Mikono ilikumbuka. Alikwangua udongo mwekundu kidogo kidogo, akiusogeza pembeni kwa mpangilio, akisikiliza ncha ya mwiko. Alfonce, aliyekuwa hajawahi kumwona akifanya kazi, aliacha kutikisa mguu. Kwenye kina cha kiwiko ukatokea ukingo wa kitenge, njano iliyofifia. Chini ya ukingo, mfupa. Aliuzungukia kwa vidole. Paja. Dogo, lisilozidi sana kiganja. Akaliinua.

Lilikuwa jepesi.

Kisukuku ni kizito, kina ubaridi wa jiwe, ukikigonga kinalia. Hiki hakikuwa na uzito. Alikigeuza mara moja tu, na mara moja ilitosha, kwa sababu hii ndiyo elimu aliyokuwa nayo na hakuna aliyemzidi kilima kizima. Lilikuwa paja la mtoto. Mtoto kweli, aliyekuwa anaanza kutembea.

"Ndiye?" mama aliuliza.

"Siye."

"Basi ni mwingine. Mrudishe."

Ildefonsa alibaki ameshika. Paja lake lilikuwa chini hapo, pengine kwenye kitenge kile kile, kwa kina cha mkono mwingine mmoja. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa kuinua kilicho juu ili kufika kilicho chini. Aliwahi kuinua kilima kizima cha udongo kwa ajili ya jino. Sasa juu alikuwa mtoto huyu, na chini ya mtoto pengine mama aliyemzaa, na wengine wa mtaro, kila mmoja ameoshwa, kila mmoja amesaliwa, na angelazimika kuwapanga kwenye nyasi mbele ya mwanamke aliyewazika. Alijiambia kwamba Khalidi angeelewa akichimba. Alijiambia kwamba sayansi ingemshukuru. Sayansi haikuwepo pale. Akamrudisha mtoto, akamfunika ukingo wa kitenge, akarudisha udongo kwa mpangilio ule ule alioutolea, akaushindilia kwa viganja.

Simu inashika mtandao penye mwinuko kidogo, karibu na ua. Alipanda pale akampigia Khalidi, naye akapokea kwa sauti ya usingizi.

"Usije," alimwambia. "Sikio halipo. Hakuna kilichobaki."

"Mwalimu, hakipo vipi? Hata vipande? Hata unga wake, kuna maabara zinaweza..."

"Khalidi. Hakipo."

"Basi watalifuta," alisema kijana.

"Najua. Waambie sitapinga. Waache walifute jina."

Alishuka. Mama alikuwa bado amesimama pale pale kwenye udongo mpya, ameegemea fimbo. Kiswahili cha mama ni cha kanisani na sokoni, lakini neno jina analijua.

"Wanafuta jina la nani?"

"La huyo mnyama."

"Alikuwa na jina?" Sauti ya mama ilibadilika. "Tulimzika kama mgeni, na wewe unalijua jina lake? Mbona hukulisema jana, nilipokuambia yuko wapi? Jina likijulikana linatajwa. Hujui?"

"Si jina la namna hiyo, mama."

"Liko namna nyingine? Anaitwa nani?"

Alfonce alimtazama dada yake. Ildefonsa aliangalia mikono yake, nyekundu mpaka kwenye viwiko, na alitamani sana awe Kaniha, mbele ya darasa linalomcheka.

"Francisca," alisema.

Mama akauliza, "Ulimpa yeye jina langu, au ni jina lake tu?"

"Lako. Nilimpa lako. Nilitaka nije nikuonyeshe, halafu nikuambie."

"Ulimpa lini?"

"Nilipompata. Zamani."

"Na sasa wanalifuta."

"Ndiyo, mama."

Ildefonsa alisubiri achekwe, au akaripiwe kwa kumpa mama mzazi jina moja na mnyama. Ingekuwa nafuu. Mama alikuwa anafikiri jambo jingine kabisa. Alimpa Alfonce fimbo, akajifunga upya kitenge kiunoni, akasogea mpaka ukingo wa udongo. Aliinama kidogo, kama wanavyoinama watu wa kilima kile wakilitaja jina, ili lisipite juu.

"Francisca," alisema kwa sauti, kuelekea ardhini.

Ukungu ulikuwa unapanda. Ng'ambo ya mto mtu alikuwa anamwita ng'ombe. Alfonce alifungua kinywa, akakifunga. Halikuwa jina ambalo angeweza kuliitikia pale, mama mwenyewe akiwa amesimama mbele yake mzima. Mama hakunyanyuka. Kwa Wageni mtu haondoki kabla hajaitikiwa, na aliyebaki wa kuitikia ni mmoja, yule aliyelitoa jina.

"Amejulikana," Ildefonsa alisema.

Alijua si kweli, jina lenyewe lilikuwa linafutwa. Mama alikubali kwa kichwa, akachukua fimbo yake, akawaambia wapande, ndizi zilikuwa hazijapikwa.